Ukoo wa Bi Zuwena: kodi ya magari

Jumapili, 16 Juni 2024

Zuhura 20:02
Assalam alaykum jamaa. Kesho ni Idi, najua kila mtu ana shughuli zake. Lakini someni hii kabla hamjalala. Mswada wa Fedha unajadiliwa bungeni wiki hii na ile kodi ya magari bado imo. Asilimia 2.5 ya thamani ya gari, unalipa pale unapokata bima. Hujalipa, bima hupati. Huna bima, utatoka vipi barabarani?

Zuhura 20:05
Nataka majina ya wote wenye gari, pikapu na tuktuk. Tunaandika barua moja kwa mbunge. Mwisho kesho usiku.

Zuhura 20:33
Mbona kimya? Tiki za buluu naziona.

Kombo 20:40
Pikapu yangu imelala kwa fundi tangu Ramadhani. Nayo italipa?

Swabra 20:41
😂😂 Hiyo itozwe kodi ya nyumba

Kombo 20:41
😂😂😂

Zuhura 20:43
Cheko baadaye. Kombo, tuktuk yako ukiiuza leo utapata ngapi?

Kombo 20:46
Laki tatu na nusu, mnunuzi akiwa na huruma.

Zuhura 20:49
Basi 8,750 hizo zimekwenda. Na hata ingekuwa mkweche wa laki moja, chini ya 5,000 haishuki. Sasa tazama huku juu: mwisho wameweka 100,000. Gari la milioni 4 linafika hapo. Mwenye gari la milioni 10 naye anatoa laki moja ile ile, kwake hiyo ni asilimia 1. Wewe wa tuktuk, 2.5. Hili ndilo linaloniuma, si kulipa kodi.

Kombo 20:52
Na mimi bima nakata ya mwezi mwezi. Kila mwezi nitatozwa tena?

Zuhura 20:53
Wameifunga kodi na kutolewa kwa bima. Ndiyo nataka barua iwataje watu wa bima ya mwezi waziwazi, msije mkakamuliwa mara 12.

Hamisi 21:10
Tuseme kweli lakini. Nchi ina madeni, na mwenye gari ana uwezo kumshinda anayepanda matatu.

Zuhura 21:14
Anayepanda matatu ndiye atakayelipa, Hamisi. Mwenye gari ataipandisha nauli asubuhi hiyo hiyo. Na barabara tushazilipia: kila lita ya mafuta ina Sh18 za kutengeneza barabara, na VAT ya mafuta, kodi ya ongezeko la thamani, mwaka jana wameitoa asilimia 8 wakaipeleka 16. Halafu magari ya serikali na ya kaunti yamesamehewa. Hilo unalopandia kazini halitoi hata ndururu.

Hamisi 21:15
Hilo si langu.

Mwanajuma 21:17
Kama lile gari letu la Noah.

Swabra 21:17
Mwanajuma usianze

Mwanajuma 21:21
Sijaanza. Tulichanga ili Nyanya apelekwe kliniki. Sasa iko Malindi inabeba abiria na logbuku, ile hati ya umiliki, ina jina la marehemu Babu. Hiyo kodi ataenda kudaiwa nani, makaburini?

*Bakari amefuta ujumbe huu*

Swabra 21:25
Nani anachinja kesho, kwa Ami ama kwetu?

Kombo 21:26
Kwa Ami. Mimi utumbo wangu muniwekee.

Zuhura 21:40
Majina jamani.

Jumatatu, 17 Juni 2024

Khadija 07:12
Idi Mubarak nyote. Allah atutakabalie.

Swabra 07:15
Amin. Kwetu sote

Kombo 08:30
Idi Mubarak

Zuhura 22:06
Idi Mubarak. Majina ni manne tu na saa nne imepita. Wenye magari humu ni wengi kuliko hivyo, nawajua mmoja mmoja. Nimeongeza mpaka kesho.

Jumanne, 18 Juni 2024

Kombo 14:20
WAMEITOA! Mwenyekiti wa kamati ya fedha, Kimani Kuria, ametangaza. Kodi ya magari imekwenda, na VAT ya mkate pia!

Khadija 14:22
Alhamdulillah

Swabra 14:22
Barua basi tena, tumepumzika

Zuhura 14:31
Hatujapumzika. Hiyo ni kamati, bunge lote halijapiga kura. Na pengo la hiyo kodi wataliziba wapi? Watalitafuta kwenye mafuta, mtaniambia. Barua inabaki, naigeuza iwe ya mswada wote.

Yasir 14:40
Alhamisi sisi tunatoka kuandamana mjini. Mswada wote ukataliwe, mimi sitaki marekebisho.

Swabra 14:41
Yasir hutoki

Yasir 14:41
Mama, kila mtu anatoka

Swabra 14:42
Nimesema

Ami Salim 16:55
Assalam alaykum. Nimesoma yote tangu Jumapili.
Yasir, kudai haki sikukatazi. Lakini Nairobi leo wamekamatwa vijana wengi, na mamako ana haki ya kuogopa. Utakwenda na Hamisi, na utarudi naye kabla ya alasiri.
Zuhura, barua niletee niisome. Jina langu liwe la kwanza.
Tena mnaiuliza serikali pesa zinakwenda wapi. Mwaka wa tatu huu mama yangu anakwenda kliniki kwa tuktuk ya Kombo, mguu uko nje, na Noah mliyomnunulia hakuna aliyemletea hesabu yake. Ijumaa baada ya swala naitaka logbuku mkononi mwangu.

Zuhura 17:20
Sawa Ami. Barua naileta leo baada ya isha.

Khadija 17:31
Sawa Ami

Hamisi 18:02
Ami shikamoo. Alhamisi niko kazini, sijui kama nitapewa ruhusa.

Yasir 18:03
Naweza kwenda na Kombo

Kombo 18:10
Alhamisi ni siku ya kliniki ya Nyanya.

Zuhura 18:15
Hamisi, omba hiyo ruhusa kesho asubuhi na utujibu humu. Bakari, umesikia ya Ijumaa?

Bakari 21:47
Gari liko gereji, Ijumaa halitafika. Logbuku nilimpa Mwanajuma siku ya arubaini.

Mwanajuma 21:48
Ulinipa kopi.

Bakari 21:50
Nilikupa yenyewe, Khadija alikuwepo.

Zuhura 21:58
Khadija?

Zuhura 22:20
Haya, hilo mtamjibu Ami. Barua ameshaipitia, ametoa aya moja, ametia jina. Waliobaki nitumieni majina usiku huu, asubuhi naipeleka ofisi ya mbunge.