Nimecheza masaa 611 mwaka huu na nimemaliza gemu mbili tu, nyie mwaka wenu mnaupimaje?

pedi_mbovu

Wakuu habari zenu. Juzi nimefungua ile ripoti ya mwisho wa mwaka inayokuonyesha umecheza nini na kwa muda gani, nikacheka peke yangu kama chizi. Masaa 611. Nikagawa kwa 24 hapohapo, zikatoka siku 25 na nusu hivi, yaani karibu mwezi mzima usiku na mchana nimeshika pedi ya gemu.

Ila sio masaa yaliyoniuma. Mia nne na ushee yameenda kwenye gemu moja ya mpira ya onlaini, na nikikaa chini nijiulize nakumbuka mechi gani, naambulia moja tu, ile niliyosawazisha dakika ya 90 halafu mtandao ukakata nikahesabiwa nimekimbia. Basi.

Sasa Outer Wilds nimeicheza masaa kama 20 tu na naweza kuwasimulia mpaka asubuhi. Kwa wasioijua ni ya 2019, wewe ni mwanaanga, una kachombo kako kabovu kabovu, na kila baada ya dakika 22 jua linalipuka unakufa unaamka palepale ulipoanzia. Hakuna silaha ya kununua wala levo ya kupanda, unachobaki nacho ni yale uliyoyajua tu. Kuna sayari mbili zimekaa pacha, mchanga unamwagika kutoka moja kwenda nyingine, huku minara inafunuka kidogo kidogo na kule mapango yanajaa. Mimi nikawa kule kwenye mapango nasoma maandishi ukutani, nimezama kabisa, kuja kushtuka mchanga uko kiunoni, nakimbilia njia niliyoingilia naikuta imeshazibwa, narudi nyuma, dari nalo linakaribia... nilibanwa hapo nikafa huku nimeshaona jibu nililokuwa nalitafuta siku tatu. Nilifurahi kufa aisee.

Sasa nauliza, nyie mnapima kwa masaa, kwa gemu mlizomaliza, au kwa nini? Na hii ya mpira niifute au nitajuta?

BosiWaPili

Mkuu kwanza hayo masaa usiyaamini kivile, mara nyingi yanahesabu ilimradi gemu iko wazi, hata ukiisimamisha ukaenda kuoga yenyewe inahesabu tu. Mimi kuna gemu nimeandikiwa masaa 90, nusu yake nilikuwa nimesinzia kwenye kochi.

Mimi napima kwa mabosi, wale maadui wakubwa wanaokuzibia njia mpaka uwaue. Mwaka huu ndo nimeianza Elden Ring, ya 2022 najua nimechelewa msinicheke. Yule Margit pale darajani kabla ya kuingia kasri la Stormveil kaniua mara 43, nina uhakika maana nilikuwa nachora vistari kwenye karatasi. Shida ya yule jamaa ni moja, anainua fimbo halafu ANASUBIRI. Wewe umeshaona mkono umepanda unabingirika, unainuka vizuri unajipongeza, ndo anaishusha kichwani. Wiki nzima nilikuwa nakwepa mkono unaopanda badala ya kungoja unaoshuka, na nilikuwa najua kabisa nakosea ila vidole havisikii.

Mwisho nikasusa nikaenda zangu kusini Weeping Peninsula nikazurura huko, nikaokota okota vitu, nikapanda levo, nikarudi nimeiva. Jaribio la tatu akalala. Ilikuwa usiku nyumba nzima wamelala, nikajiziba mto mdomoni nikapiga ukelele.

mama_wa_shambani

Haya mie najitosa humu kati ya wanaume na mabosi yenu 😂 Mwaka wangu wote ni Stardew Valley, nacheza na mwanangu ana miaka 8. Tumefika mwaka wa tatu wa shamba letu.

Kwa wasiojua, siku moja kwenye ile gemu inaanza saa kumi na mbili asubuhi na saa nane usiku ikikukuta hujalala unazimia, kwa saa ya ukutani ni kama dakika 14 tu. Na mkicheza wawili siku haiishi wala gemu haijiseivu mpaka wote muwe kitandani, au hiyo saa nane iwakute. Mtoto alivyoligundua hilo basi mie nimekwisha. Mimi nimeshapanda kitanda, skrini inanionyesha nasubiri mwenzangu, yeye yuko ufukweni anavua samaki, namwambia baba nenda kalale, ananijibu wa gemu au mimi? Maana anajua wa gemu akilala na yeye huku zamu yake imefika.

Siku moja nikamwambia hii gemu yote katengeneza mtu mmoja, Eric Barone, picha yeye, muziki yeye, kila kitu yeye, miaka minne na zaidi mpaka ikatoka 2016. Akanyamaza. Kesho yake nakuta daftari la hesabu limechorwa kuku kurasa sita, ananiambia ni gemu yake. Sasa hapo masaa nahesabu ya nini.

jiwe_la_kona

Siku 25 hizo ungejifunza hata lugha mpya. Nasema tu.

BosiWaPili

@jiwe_la_kona wewe siku zako 25 ulijifunza lugha gani mkuu, tusalimie basi kwa hiyo lugha

kidole_gumba

Mimi napita tu ila nimeguswa na hiyo ya vistari. Celeste (2018) yenyewe inakuhesabia vifo, ukimaliza sura inakuwekea idadi mezani bila aibu, na kuna mahali inakwambia kabisa ujivunie, kwamba kufa sana ndo kujifunza. Mimi nilimaliza na vifo 2,316. Kila chumba ni kidogo, ukifa unarudi mwanzo wa chumba hapohapo, huna hata muda wa kukasirika. Ingekuwa inakurudisha mbali ningeshavunja pedi, na gemu nyingi wanaosema ni ngumu ugumu wake ni kule kutembea upya tu kumfuata bosi, hiyo sio ngumu hiyo ni dharau.

Na mkuu BosiWaPili usijitetee kucheza gemu ya zamani. Steam, lile duka la gemu za kompyuta, walitoa takwimu zao za 2024, muda uliochezwa kwenye gemu zilizotoka mwaka huohuo ulikuwa asilimia 15 tu. Waliobaki wote wako nyuma kama wewe.

@pedi_mbovu swali langu kwako, kwenye hizo mechi za mpira ulizisaka wewe au uliingia kuchukua zawadi ya siku?

pedi_mbovu

@kidole_gumba umenishika pabaya. Nimewaza hili swali tangu jana. Ukweli ni kwamba siku nyingi naingia kwa sababu ukiruka siku moja ule mfululizo unakatika unaanza siku ya kwanza, kwa hiyo naingia kuchukua zawadi, halafu nikishaingia najiambia mechi moja, ya kwanza nafungwa kwa ujinga, siwezi kulala nimefungwa, natafuta nyingine. Hapo masaa mawili yamekwenda na wala sikuwa na hamu ya mpira.

Sijaifuta. Nimezima zile taarifa zake kwenye simu na juzi nimeuacha mfululizo ukatike makusudi, ulikuwa siku 112. Iliniuma kidogo asubuhi yake, mchana nilikuwa nimesahau.

@mama_wa_shambani mwambie dogo tunaisubiri gemu ya kuku.

mama_wa_shambani

Anasema bado hajachora majogoo.

BosiWaPili

@pedi_mbovu sasa hayo masaa yaliyobaki unayapeleka wapi?

pedi_mbovu

Nimeshusha Elden Ring jana usiku. Nimetoka darajani sasa hivi. Vistari 11.

BosiWaPili

Nenda kusini.

pedi_mbovu

Siendi.