Ua langu la mabaka meupe linaungua kingo, niko Tabora, naombeni msaada

MamaIpuli
Mwangaluka wapendwa. Nina ua la ndani nililetewa na mdogo wangu kutoka Dar mwezi wa kwanza, muuzaji alimwambia linaitwa Triostar, jani la kijani lina mabaka meupe na pinki kama mtu kapitisha brashi ya rangi, ukiligeuza chini ni zambarau. Jioni majani yote yanasimama kama mikono ya mtu anaomba, asubuhi yanashuka, wanangu wanaliita ua la sala na hawaendi shule bila kuliaga.

Sasa tangu mwezi wa sita mwishoni yale mabaka meupe yanageuka kahawia na kukauka kama karatasi, kijani chenyewe hakina shida sana, ni weupe tu. Mchana majani yanajisokota, jani jipya linatoka limejiviringisha halifunguki. Lipo sebuleni kwenye dirisha la kaskazini hapohapo tangu lije, sijalihamisha hata siku moja. Namwagilia maji ya bomba kila siku mbili, nilipoona linakauka nikawa namwagilia kila siku, na mbolea ya NPK niliweka vijiko viwili. Nakosea wapi jamani, naumia kuliangalia.

MwanaUjiji
Pole sana dada. Kwanza acha kumwagilia kila siku, hayo maua kwao ni misitu ya Brazili chini ya miti mikubwa, udongo wa kule una unyevunyevu lakini mwepesi, majani yaliyooza, maji hayatuami. Ni ndugu wa mbali wa mgomba na tangawizi, ukiling'oa utakuta chini kuna vishina kama tangawizi ndogo, vikikaa kwenye tope vinaoza na ua linaonekana lina kiu wakati limezama. Chomeka kidole, juu pakikauka kama kiungo kimoja cha kidole ndo umwagilie, maji yatoke chini, yaliyobaki kwenye sahani mwaga.

La pili ni maji yenyewe. Mi huku Kigoma nilihangaika mwaka mzima, nilikuwa natumia maji ya ziwa, na maji ya Tanganyika yana madini mengi, pH yake (kipimo cha ukali wa maji, 7 ndo katikati) karibu 9, ncha za majani zilikuwa zinaungua kila wiki. Nilipohamia maji ya mvua majani mapya yakaanza kutoka mazima. Watu wanasema laza maji kwenye ndoo, sawa, klorini inaruka, ila chumvi ya hayo madini hairuki ng'o, hata uchemshe. Na hiyo NPK vijiko viwili kwenye chungu kimoja ni nyingi mno dada yangu, nayo ni chumvi hiyohiyo. Chukua maji safi mengi upitishe kwenye udongo mara tatu nne yatoke chini, afu mbolea sahau mpaka mvua zianze.

MamaIpuli
Asante kaka. Ila mvua huku mpaka mwezi wa kumi na moja, maji ya mvua nayatoa wapi saivi?

MwanaUjiji
Maji yanayodondoka kwenye AC, kama kuna ofisi jirani waombe, hayana chumvi kabisa. Au ile barafu inayojiganda yenyewe kwenye kuta za friza, siyo ya maji ya bomba uliyogandisha, ukiyeyusha subiri yafike joto la kawaida. Ua moja halinywi mengi. Mvua zikianza kinga pipa zima ufunike.

Mzee_wa_Cheyo
Binti, kaka yako kasema vizuri ya maji, lakini mimi nimesoma mara mbili hapo uliposema dirisha la kaskazini, hujalihamisha tangu mwezi wa kwanza. Ua hujalihamisha, jua limehama. Tabora tuko nyuzi 5 kusini ya ikweta, mwezi wa kwanza jua linapita upande wa kusini na dirisha lako lilikuwa kivulini, mwezi wa sita na wa saba linapita kaskazini, kwa hiyo asubuhi na jioni linaingia moja kwa moja hapo kizingitini. Weupe unaungua kwanza kwa sababu hauna ule ukijani unaopika chakula, ni sehemu dhaifu. Lisogeze ndani hatua mbili au weka pazia jepesi. Usilipeleke gizani lakini, likikosa mwanga litadhoofu.

Na hewa. Kiangazi chetu hiki wewe mwenyewe unajua midomo inavyopasuka. Kupulizia maji hakutoshi, yanakauka kabla hujaweka chupa chini. Yapange maua yako yote pamoja yapeane unyevu, au liweke bafuni kama kuna dirisha, mbali na upepo wa feni. Usiku wa baridi usiliegemeze kwenye kioo, chini ya nyuzi 15 linaumia.

Kufunga usiku kusikutishe, kwenye shingo ya kila jani kuna kifundo kinajaa na kupungua maji ndo kinaliinua. Kujisokota mchana ndo shida. Yaliyoungua hayarudi, kata kingo kwa mkasi ukifuata umbo la jani.

DadaGungu
Angalia na chini ya majani mpenzi, kiangazi ndo msimu wa utitiri, vidudu vidogo kama vumbi na utando mwembamba kama wa buibui. Langu liliisha hivyo nikidhani ni jua. Futa kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, suuza, rudia kila wiki. Ukibadilisha udongo, changanya mboji na maganda ya mpunga yaliyochomwa, linapenda.

MamaIpuli
Shikamoo mzee wangu, na asanteni wote. Ni wiki ya nne leo. Utitiri ulikuwepo, kidogo, nimeufuta. Nilikaa sebuleni Jumapili asubuhi nikaona kwa macho yangu jua linakuja mpaka pale chungu kilipokuwa. Saivi lipo kwenye meza ya kona, maji napewa na duka la dawa la jirani wana AC. Lile jani lililong'ang'ania lilichanika halikupona, ila kuna jingine limefunguka juzi, nusu pinki nusu kijani, halina doa. Mwanangu mdogo kaniamsha saa kumi na mbili kunionesha.