Naomba ushauri: mpelelezi ni rafiki, jalada lina kasoro

Habari za leo wakuu. Mimi ni wakili wa serikali hapa Mwanza, kazi yangu kubwa ni kusoma majalada ya upelelezi na kushauri kama kesi iende mahakamani au irudi kwa mpelelezi.

Juzi nimepata jalada la nyavu haramu za sangara. Ushahidi si mbaya. Shida ni maelezo ya onyo, yaani yale anayotoa mtuhumiwa polisi baada ya kuonywa: mtuhumiwa kakamatwa saa mbili asubuhi, maelezo yameandikwa saa kumi jioni. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inatoa saa nne za kumhoji, zaidi ya hapo lazima muda uongezwe kwa utaratibu. Hakuna karatasi ya nyongeza. Nilipomuuliza afande mpelelezi akacheka: "Wakili, hiyo saa kumi si tunaifanya saa tano tu?"

Huyu bwana alikesha nasi kwenye msiba wa mama yangu. Jumapili tunakula sato pamoja pale Mwaloni, Kirumba.

Kubadilisha saa sitakubali, hilo halina mjadala. Maelezo yakikataliwa, yakataliwe, tutabaki na mashahidi na hati ya kukamata mali. Ninachokwama ni hapa: nimwandikie bosi wangu kuhusu lile pendekezo, au nirudishe jalada na maelekezo ya kawaida, halafu nimuonye faraghani? Na je, nijitoe kabisa kwenye majalada yake?

Waliopitia ofisi hizi mnisaidie, jalada bado liko mezani.