Neno "specious" katika Kiingereza cha kale: nilitafsirije?

Mfasiri wa Tanga
Wadau, salaam. Natafsiri mahubiri ya Kiingereza ya karne ya 18 kwa ajili ya jarida la parokia yetu, na siku ya tatu sasa nimekwama kwenye neno moja: specious. Kamusi niliyo nayo inasema ni hoja inayoonekana ya kweli kumbe si kweli. Sawa, ukurasa wa 12 inakaa vizuri. Ukurasa wa 15 mhubiri analitumia neno hilohilo kwa ua la bustanini, tena analisifu. Niliandika "ua danganyifu", mke wangu akaniuliza limemdanganya nani. Sikuwa na jibu. Nisaidieni.

Mwalimu Mstaafu
Mwanangu, mkeo ameona mbali. Neno hilo limetoka Kilatini, speciosus, maana yake mwenye sura nzuri. Waingereza walianza kulitumia kwa sifa, shaka ikaja kuingia baadaye. Kamusi ya Samuel Johnson ya 1755 bado inazo maana zote mbili: kinachopendeza macho, na kinachoonekana sawa kwa juu juu tu. Basi ua lako liandike "la kupendeza macho", usiliguse zaidi.

Kwenye hoja ndipo pana kazi. "Danganyifu" inamshtaki msemaji. Specious inaishtaki sura ya hoja, na msemaji anaweza kuwa anaiamini kwa moyo wake wote. Nimeyaona haya kwenye kikao cha ukoo wetu. Kijana mmoja alisimama akasema shamba lisilolimwa ni haki ya aliye tayari kulilima. Tulipiga makofi, na mimi nikiwemo. Usiku ndipo nikakumbuka kwamba shamba lile lilikaa miaka miwili bila jembe kwa sababu shangazi yangu, mwenye shamba, alikuwa kitandani anaumwa. Kijana hakusema uongo hata neno moja. Asubuhi nilikwenda kuomba kikao kirudiwe.

Ndiyo maana nalipenda pia neno jirani yake, plausible. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini cha kupiga makofi. Zamani lilimaanisha kinachostahili kushangiliwa. Neno zima limejengwa juu ya mikono ya wasikilizaji.

Kiswahili tunao mkakasi. Bibi yangu alikuwa nao, kikopo cha mti chenye mistari myekundu na myeusi, akiwekea udi. Mwaka mmoja paa lilivuja juu yake, rangi ikachuruzika mpaka kwenye mkeka, kikabaki kijiti cheupe. Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.

Wakili wa Bara
Shikamoo Mwalimu. Naongeza moja la upande wetu. Katika sheria ya Kiingereza ya zamani walisema colour, yaani rangi: dai lenye sura ya haki lakini halina haki ndani yake. Mpaka leo tunakutana na "under colour of" kwenye maandishi ya sheria, na mimi huiweka "kwa kisingizio cha".
Shakespeare naye, katika tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa jina Mabepari wa Venisi, anampa Bassanio, mposaji anayetakiwa kuchagua kasha moja kati ya matatu, maneno haya kabla hajachagua: hakuna kesi, hata iwe mbovu kiasi gani, isiyoweza kufichwa ubaya ikikolezwa kwa sauti tamu. Analiacha la dhahabu, analiacha la fedha, anachukua la madini ya risasi.

Mfasiri wa Tanga
Marahaba ya Mwalimu naisubiri na mimi, shikamoo. Je, "hoja ya mkakasi" haitakuwa nzito? Vijana wengi hapa parokiani hawajauona mkakasi.

Mwalimu Mstaafu
Marahaba wanangu wote wawili. Itumie mara moja tu, pale mhubiri anapokaza sauti, kwingine andika "hoja yenye sura nzuri". Kama unataka mfano wa kujipima, msome mshairi Milton, utenzi wake Paradise Lost, kitabu cha pili, 1667, anapomleta Belial, mmoja wa malaika walioasi. Kwanza anasifu umbo lake, kwamba mbinguni hakupotea mzuri kumshinda. Kisha anasema ndani ni utupu, ingawa ulimi wake ulidondosha mana na uliweza kuifanya hoja dhaifu ionekane ndiyo bora. Uso kwanza, utupu baadaye. Tafsiri yako ifuate mpangilio huohuo: msomaji avutiwe kabla hajashtuka.

Mfasiri wa Tanga
Nimeandika: "Hoja yao ina sura nzuri, na ndiyo iliyotupata." Mke wangu amesoma mara mbili, hajauliza kitu.