Naomba ushauri: kuhama Dar kwenda Usa River (Arusha) au Sanya Juu (Kilimanjaro), nifuge farasi

Wakuu, shikamooni wakubwa zangu, wengine habari za saa hizi. Nipo Dar miaka 11, kazi yangu ni ya kompyuta, naifanyia popote penye intaneti. Tangu nilipopanda farasi Usa River mwaka jana akili haijatulia. Siku tatu mapaja yaliniuma, nilishuka ngazi kinyumenyume kama mzee, na bado nataka tena.

Nataka nipange nyumba yenye eneo, ninunue wawili, maana akiwa peke yake hunyong'onyea. Mmoja anakunywa lita 20 hadi 40 kwa siku. Je, maji ya huko yanatoka kweli kiangazi? Majani makavu mnanunua wapi?

Kinachonitisha hasa ni ule ugonjwa wa farasi unaoletwa na visubi msimu wa mvua. Mnyama anaweza kuwa mzima leo, kesho kutwa mnachimba shimo. Daktari wa mifugo anayewajua farasi, si ng'ombe tu, anapatikana? Na fundi wa kwato kila wiki 6 au 8?

Mke wangu amekubali kuhama, ila mavi hazoi. Waliopo huko, Usa au Sanya Juu?