Nyiragongo nilishapanda, sasa Kilimanjaro ao Lenana?

MutotoWaBirere (Goma)
Bandugu jambo. Nyiragongo nilipandaka 2019, masaa tano toka Kibati mpaka juu, tukalala kule, asubuyi tukashuka na mangaribi nikaenda kucheza mpira. Sasa nimeweka feza kidogo kidogo, mwaka kesho nataka nivuke bariyeri ya mupaka niende kupanda mulima mukubwa. Roho iko kwa Kilimanjaro lakini kuna mwenye aliniambia Mlima Kenya, kwa kilele cha Lenana, ni bei chini. Nguvu iko, nasukumaka chukudu, ile kinga ya mbao ya kubeba mizigo, kila siku ya Mungu. Nani alishafika huko? Baridi iko namna gani, na ile kichwa kuuma ya kule juu banasemaka, ni kweli ao ni ya bazungu tu?

YayaWaIbanda (Bukavu)
Mudogo wangu, ile kichwa haijue muzungu. Miye nilienda Kilimanjaro na njia ya Marangu, siku 5, juu nilitaka kuponesha feza ya siku moja. Hesabu weye mwenyewe: usiku wa kwanza Mandara 2,720 m, wa pili Horombo 3,720, wa tatu Kibo 4,720. Ni metre elfu moja kila siku, na wenye kujua banasema ukishapita 3,000 usiongeze zaidi ya 500 pa kulala. Kibo chakula kilinikatala kabisa. Saa sita ya usiku tukaanza kupanda, maji ikaganda kwa mudomo wa chupa. Tulipofika Gilman's Point, karibu 5,700 m, nikaona kamba ya kiatu yangu imefunguka, nikaitazama, nikaitazama, sikumbuke banafungaka namna gani. Gidi akainama akaifunga, akaniambia mama tunashuka. Sikubishana. Uhuru 5,895 niliiona kwa macho tu. Na kijana wa mpira mwenye tulikuwa naye alirudia mbele yangu, sababu alikuwa anakimbia! Weye mwenye chukudu njo naogopea, utataka kukimbia. Lipa siku 6, ile ya kuongeza unaipumzika Horombo.

GomaNairobi
Yaya amesema yote. Nyiragongo ni 3,470 m, unapanda leo unashuka kesho, mwili haina hata wakati ya kulalamika, kwa hiyo isikudanganye. Miye ningesema Lenana kwanza, 4,985 m, hauhitaji kamba. Vilele vingine vya Mlima Kenya, Batian (5,199) na Nelion, njo ya bantu ya kamba, hizo wachana nazo. Tulipita njia ya Sirimon, siku 4, na bei kweli haifanane na ya Kilimanjaro. Baridi ya usiku ni kali pia. Mambo ya nguo usinunue mupya, ingia chaguwa (soko ya mitumba) utafute koti la manyoya ya bata na ya mvua, na jinzi uache nyumbani, ikilowana haikauke mpaka unarudi.

Kopala_Lushi
Sisi huku Lubumbashi mulima yetu ni ile ya mabaki ya shaba, mutanisamehe 😂 Miye ndoto yangu ni Aconcagua kule Argentina, 6,961 m, inje ya Asia hakuna ya kuipita. Lakini mbona hakuna anayetaja Rwenzori? Kilele yake Margherita, 5,109 m, iko kwa mupaka yetu, ya tatu Afrika, na tunaenda kulipa kwa bajirani.

YayaWaIbanda
Kopala, Rwenzori ni nzuri sana lakini si ya mutu wa mara ya kwanza. Ni matope mpaka kwa magoti, bantu banatembea na mabote ya kaushu siku nzima, halafu juu kuna barafu yenye unavaa vyuma kwa kiatu na kufungwa kamba. Njia ya kwetu inaanzia Mutwanga, ila kwa hali ya usalama yenye tunaijua, wengi banapitia Uganda. Na ile barafu inapungua kila mwaka, mwenye anataka asichelewe.

MutotoWaBirere
Aksanti sana yaya, aksanti bote. Basi Lenana kwanza, na sitakimbia, naapa. Sasa swali ya mwisho: miguu yangu ni 46, nani anajua chaguwa gani ya Goma banauzaka mabote ya hiyo numero? Soko ya Virunga nilishazunguka yote, ni ya batoto tu.