Mavazi ya juu ya Kichina: lipi ni la baridi, lipi ni la joto?

Mshonaji wa Kadutu (Bukavu)
Ndugu zangu, nimeombwa kushona mavazi ya mchezo wa kuigiza unaotokea China ya zamani, na hadithi yake inapita majira yote manne ya mwaka. Sisi hapa tumezoea mvua na kiangazi tu. Je, kila majira yalikuwa na vazi lake la juu, au mkato ulikuwa mmoja?

Mama Cherehani (Ibanda)
Mwanangu, usikate patroni nne. Tofauti kubwa ilikuwa ndani ya vazi: wakati wa joto lilishonwa kwa kitambaa kimoja bila bitana, majira yakipoa likatiwa bitana, na baridi ilipokaza likajazwa kati ya vitambaa viwili. Wenye uwezo walijaza nyuzi laini za hariri au kuvaa manyoya ya wanyama. Pamba ilienea baadaye, hasa tangu enzi ya Yuan (1271–1368). Katika kaburi la mke wa mkuu mmoja karibu na mji wa Changsha, lililofukuliwa mwaka 1972, lilipatikana joho la hariri nyepesi lenye zaidi ya miaka 2,000 ambalo uzito wake ni gramu 49 tu, na humo humo yalikuwamo majoho yaliyojazwa. Mimi kama mshonaji nashangazwa sana na mikono iliyoweza kusuka uzi mwembamba kiasi hicho.

Papa Kolwezi (Lubumbashi)
Namuunga mkono Mama, ila kwanza mwulize mwongozaji hadithi ni ya enzi gani. Ikiwa ni ya Song (960–1279), shona beizi, vazi refu lililo wazi mbele na lenye mipasuo ubavuni, ambalo wanaume kwa wanawake walivaa juu ya nguo nyingine. Magua, koti fupi la kuvaliwa juu ya joho refu, ni la enzi ya Qing (1644–1912), nalo lilitokana na mavazi ya kupandia farasi ya Wamanchu, watu wa kaskazini-mashariki waliotawala China enzi hiyo. Ukiyachanganya hayo mawili, hadithi yako itaharibika machoni pa anayejua. Kwa theluji ongeza doupeng, joho lisilo na mikono linalofungwa shingoni.

Mshonaji wa Kadutu
Asanteni sana, Mama na Papa. Lakini waigizaji wakivaa nguo zilizojazwa chini ya taa, si watazimia?

Mama Cherehani
Jaza kidogo kwenye ukosi, kifuani na kwenye pindo, kisha pitisha mishono ya mistari ili pamba isishuke. Mgongoni weka bitana peke yake. Na kwa majoho yanayopishana kifuani, hakikisha upande wa kushoto wa mvaaji unalala juu ya ule wa kulia, kwa maana kinyume chake kilikuwa ni namna ya kumvika maiti.

Mshonaji wa Kadutu
Nimeelewa, Mama. Kesho namwuliza mwongozaji habari za enzi kabla ya kununua kitambaa.